Masikio ya mtoto aliyezaliwa na kaakaa wazi: maswali ambayo wazazi wa Dar es Salaam huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu masikio tu. Kushona mdomo na kaakaa kumeguswa pale kunapokutana na sikio. Kama umekuja kwa sababu ya usaha, ruka hadi swali la 14. Kama mtoto ana uvimbe unaouma nyuma ya sikio, acha kusoma, mpeleke hospitali leo.

## Mambo ya msingi

1. Kasoro iko mdomoni. Masikio yanaingiaje?

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, ndicho sikio la kati. Hewa yake huingia kupitia mrija mwembamba unaoanzia nyuma ya pua, juu kidogo ya koo. Muda mwingi mrija huo umefumba. Hufunguka kidogo tunapomeza au kupiga mwayo, na kinachoufungua ni misuli ya kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya dari la kinywa.

Kwa mtoto mwenye kaakaa wazi misuli hiyo haikukutana katikati. Imejishikiza pembeni na haina nguvu ya kutosha kuufungua mrija. Hewa iliyomo inafyonzwa polepole, mpya haiingii, na nafasi yake inachukuliwa na majimaji. Ndiyo maana zaidi ya watoto 9 katika kila 10 wenye kaakaa wazi hupata majimaji sikioni katika miaka yao ya mwanzo. Kwa hiyo anza na dhana kwamba mwanao anayo, kisha vipimo ndivyo vikukatalie.

2. Wangu ana mdomo wazi tu, kaakaa ni zima. Naye yumo?

Hapana. Mpasuko wa mdomo peke yake haugusi misuli ya mrija, kwa hiyo hatari yake ni karibu sawa na ya mtoto mwingine yeyote. Tatizo ni neno "zima". Hakikisha kuna mtu aliyemulika tochi hadi nyuma kabisa ya kinywa, na soma swali la 3.

3. Kuna mpasuko wa kaakaa usioonekana?

Upo. Ngozi ya juu imefunga vizuri lakini misuli chini yake imeachana. Dalili zake ni kimeo kilichogawanyika ncha mbili, mstari wa rangi ya samawati iliyofifia katikati ya kaakaa laini, na pengo dogo kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa ambalo daktari hulihisi kwa kidole. Wengi hugunduliwa wakiwa wakubwa, baada ya miaka ya maziwa kutokea puani, kuongea kwa pua na masikio yasiyoisha. Kimeo kikiwa na ncha mbili mtoto anaweza pia kuwa mzima kabisa, lakini ni sababu tosha ya kumwonyesha kwa mtaalamu. Hili linahusiana na swali la 17.

4. Hayo majimaji ni ya kuoga, au ni maziwa?

Si ya kuoga. Maji ya kuoga huishia nje ya ngoma ya sikio. Haya hutengenezwa na utando wa sikio la kati lenyewe. Mwanzoni ni mepesi, yakikaa miezi huwa mazito yanayovutika kama mlenda, na ngoma ya sikio haiwezi tena kutikisika sawasawa.

Maziwa yanaweza kupanda puani na kuuchokoza mrija, hasa mtoto akilishwa amelala chali. Mlishe akiwa ameinuliwa, karibu wima. Wengi wenye kaakaa wazi hawawezi kuvuta titi, kwa hiyo kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa bado yanamkinga.

5. Wakwe wanasema nilishika kisu wakati wa kupatwa kwa mwezi.

Mpasuko hutokea kati ya wiki ya 4 na ya 12 ya ujauzito, wengine wakiwa hawajajua kama ni wajawazito. Duniani kote hutokea kwa mtoto mmoja katika takriban 700, pamoja na nchi ambazo hakuna aliyesikia habari ya kisu hicho. Mwambie mama mkwe kwa heshima, halafu muombe awasindikize kliniki. Bibi aliyekaa kwenye benchi la kliniki huwa mtetezi mzuri kuliko karatasi yoyote ya maelezo.

## Kujua kama anasikia

6. Halii, hana homa, hatoi usaha. Kwa nini nimpeleke?

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea. Mdomo umeshonwa, uso umependeza, ndugu wamepongeza, na kadi ya kliniki imeingia kabatini. Sikio lenye majimaji halinuki na halimwamshi mtoto usiku. Linampunguzia sauti tu, mara nyingi kwa kiasi cha desibeli 20 hadi 40. Mazungumzo ya kawaida yanamfikia hafifu, na konsonanti ndogo ndogo ndizo zinazopotea kwanza: paka, taka na kaka vinakuwa neno moja. Hayo yanatokea katika miaka ileile ambayo mtoto anatakiwa kuikusanya lugha.

Kingine kinachowapoteza wazazi ni kwamba usikivu wake hupanda na kushuka. Wiki hii anaitika, wiki ijayo ana mafua na haitiki. Matokeo yake anaitwa mkaidi, mzubaifu, na siku hizi wapo wanaofikiria usonji kabla ya kufikiria sikio. Ukimwona anamtazama mtu mdomoni, anasogelea televisheni, anauliza "ee?" kila mara, au anaitika tu anapokuona, mpeleke. Na usipoona lolote kati ya hayo, mpeleke pia.

7. Lakini anasikia! Muziki wa baiskeli ya aiskrimu ukipita anakimbilia mlangoni.

Muziki ule ni wa kelele, na kelele za mtaani kwetu zinasikika hata kwa mtoto mwenye majimaji masikio yote mawili. Honi ya bodaboda, spika ya jirani na mlango unaobamizwa havikuambii kitu. Zima televisheni, mngoje akupe mgongo, kisha mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa hatua nne nyuma yake, bila kupiga makofi wala kukanyaga sakafu kwa kishindo. Rudia siku tofauti. Akifaulu haithibitishi kwamba anasikia vizuri, ila akishindwa mara kwa mara umepata sababu ya kutokungoja tarehe ya kliniki.

8. Apimwe lini, na mara ngapi?

Mara kasoro inapojulikana, tena kabla ya upasuaji wa kaakaa, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka aanze shule na kuendelea kidogo. Ukipewa tarehe ya kushona kaakaa na hakuna aliyeangalia masikio, uliza hapohapo. Sababu ya kuuliza mapema iko swali la 12.

9. Vipimo vyenyewe vinauma?

Haviumi, ingawa mtoto wa mwaka mmoja atalia kwa kushikwa tu. Daktari ataangalia ngoma ya sikio kwa otoskopu, kifaa kidogo chenye taa. Timpanometri huingiza hewa kidogo kwenye tundu la sikio na kuchora mstari. Mstari ukiwa bapa, kwa kawaida kuna majimaji. Mtoto mchanga hupimwa mwitikio wa sikio la ndani, au wa neva ya usikivu akiwa usingizini. Kuanzia kama miaka 4 anaweza kuvaa spika za masikioni na kutumbukiza kitu kwenye kikombe kila anaposikia mlio. Wengi huufurahia mchezo huo.

Mtoto mwenye majimaji akipimwa kwa kifaa cha watoto wachanga mara nyingi atashindwa. Matokeo hayo peke yake hayamaanishi kwamba ni kiziwi. Yanahitaji kipimo kinachopeleka sauti kupitia mfupa ili kulitenga tatizo la majimaji na la sikio la ndani.

10. Kwa hapa Dar twende wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, upate rufaa. Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa. Muhimbili, pale Upanga, ina kliniki ya pua, koo na masikio, na tangu 2017 inapandikiza vifaa vya usikivu kwenye sikio la ndani. CCBRT ya Msasani inajulikana kwa upasuaji wa midomo na kaakaa wazi.

Omba barua ya rufaa itaje mambo mawili, kaakaa na usikivu. Ikitaja kaakaa peke yake utatibiwa kaakaa. Beba kadi ya kliniki na karatasi zote za upasuaji, hata zilizochakaa.

Katika hospitali za serikali, sera ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 hatozwi matibabu, lakini kati ya sera na dirisha la malipo mambo yanaweza kuwa mengine. Ukikwama omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo kabla hujarudi nyumbani. Kwa upasuaji unaofadhiliwa, uliza waziwazi kama matibabu ya masikio yamo.

## Matibabu

11. Kaakaa likishonwa, na masikio yatapona? Na dawa je?

Kaakaa hushonwa mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Misuli ikiunganishwa, mrija hupata nafuu kadiri mtoto anavyokua, lakini haiwi kesho yake. Kuna watoto wanaoendelea kupata majimaji hadi miaka ya shule, na wachache hadi ujana.

Kuhusu dawa, jibu litawaudhi wenye maduka. Kwa majimaji yasiyo na maambukizi, antibayotiki hazina faida ya kudumu, na dawa za aleji na za kukausha mafua hazisaidii kabisa. Antibayotiki ina kazi pale sikio linapouma, mtoto ana homa na daktari ameona ngoma imevimba na kuwa nyekundu. Kinachopunguza maambukizi ni kumaliza chanjo, ikiwemo ile ya kuzuia nimonia inayotolewa wiki ya 6, 10 na 14, na kumweka mbali na moshi wa sigara na wa jiko la mkaa. Kama mnapikia ndani ya chumba kimoja, hata kulitoa jiko hadi kibarazani ni hatua.

12. Gromiti ni nini, na mwanangu anazihitaji?

Ni kijibomba cha milimita chache. Mtoto akiwa usingizini, daktari hutoboa tundu dogo kwenye ngoma ya sikio, hunyonya majimaji na kukipachika hapo. Hewa huanza kuingia kupitia kijibomba badala ya mrija, na usikivu huboreka mara moja. Hudondoka zenyewe, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 18. Mrija ukiwa bado dhaifu, majimaji hurudi, na kuna watoto wanaowekewa mara mbili, tatu.

Madaktari wenyewe hawakubaliani. Marekani wengi huziweka kama kawaida siku ileile ya kushona kaakaa. Uingereza huwa wanapima kwanza na kuweka kwa mtoto ambaye usikivu wake umeshuka kweli. Kila upande una hoja: kijibomba kinaweza kusababisha usaha, kuacha kovu jeupe au tundu lisilofunga, kwa upande mwingine, mtoto asiyesikia mwaka mzima naye amepata hasara.

Kwa maoni yangu kinachoamua kwetu ni marudio ya kliniki. Mtoto anayelazwa tayari kwa ajili ya kaakaa, ambaye vipimo vinaonyesha majimaji na upungufu wa usikivu, anafaidika kuunganishiwa kazi mbili kwenye usingizi mmoja, maana kumrudisha tena kutoka Chanika au Mbagala ni nauli, siku ya kibarua iliyopotea na hofu ya dawa ya usingizi kwa mara nyingine. Lakini gromiti isiyofuatiliwa si tiba kamili. Hakuna atakayejua imedondoka lini wala majimaji yamerudi lini. Kabla ya kukubali, uliza tarehe ya kurudi na nani atakayeangalia.

13. Nimeambiwa avae shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti. Si hiyo ni ya viziwi?

Ni ya yeyote asiyesikia vya kutosha. Kwa mtoto mwenye majimaji ya muda mrefu ambaye hafai kulazwa tena, au ambaye kila akiwekewa gromiti sikio linatoa usaha, kifaa hicho humpa sauti huku mkisubiri mrija ukomae. Anaweza kukivua kwa kudumu baadaye. Ugumu uko kwenye betri, kwenye vipachiko vya tunduni mwa sikio vinavyobana mtoto akikua, na kwenye joto letu la Februari linaloleta jasho nyuma ya sikio. Kikaushe kila usiku, na uliza bei ya betri kabla ya kuondoka na kifaa.

## Usaha na maji

14. Sikio linatoa usaha. Nifanye nini leo?

Usaha nje maana yake ngoma imetoboka au unapitia kwenye gromiti. Mpeleke kituo cha afya akaangaliwe. Nyumbani kazi yako ni kukausha: sokota kipande cha kitambaa safi cha pamba, kiingize taratibu sikioni, kikilowa kitoe, weka kingine, hadi kitoke kikavu. Rudia angalau mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha pamba wala unyoya wa kuku, na usizibe sikio kwa pamba likiwa linatoa. Usaha unahitaji njia.

Ukizidi siku 14 unahesabika kuwa sugu. Hapo hukausha pamoja na matone ya antibayotiki, mara nyingi siprofloksasini, kama alivyoelekeza daktari. Kausha kwanza, ndipo udondoshe, la sivyo dawa inaelea juu ya usaha. Usinunue matone kwa kukisia: mengine, hasa yenye jentamaisini, yanaweza kudhuru sikio la ndani ngoma ikiwa imetoboka.

Hospitali bila kungoja asubuhi: uvimbe unaouma nyuma ya sikio au sikio limesukumwa mbele, shingo kukakamaa, kutapika na kuyumba, degedege, uso kupinda upande mmoja.

15. Bibi yake anasema tone la mafuta ya nazi ya vuguvugu litamaliza.

Mafuta ya nazi, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, vyote vimewahi kudondoshwa. Havifiki kwenye majimaji kama ngoma ni nzima, na kama imetoboka vinaingia moja kwa moja mahali pasipotakiwa kitu. Bibi apewe kazi ya kukausha, kama ilivyoelezwa swali la 14. Mikono yake haina haraka.

16. Anaweza kuogelea Coco Beach?

Mwenye majimaji tu na ngoma nzima, anaweza. Mwenye gromiti anaweza kucheza juujuu kwenye maji safi, asipige mbizi. Baada ya mvua za masika, mifereji ikimwaga baharini, akae mchangani. Mwenye ngoma iliyotoboka asiloweshe sikio. Wakati wa kuoga weka pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio, ukimaliza itoe. Maji ya sabuni ni mabaya kuliko maji matupu, kwani hupenya kirahisi zaidi.

## Hali za pekee

17. Anakohoa na kutapika maziwa. Jirani anataka tumpeleke akakatwe kimeo.

Usikubali, kwa mtoto yeyote, na kwa huyu zaidi. Watoto hufika hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi baada ya kukatwa. Kwa mwenye mpasuko uliofichika, kimeo kilichogawanyika ni alama ambayo ingemwongoza daktari, nayo inakwenda na wembe. Maziwa yanayotokea puani ni sababu ya kuangaliwa kaakaa.

18. Tumeambiwa ana nyama za puani na zitolewe.

Ngoja kwanza. Nyama hizo ziko palepale mrija unapofungukia, na kwa watoto wengine kuzitoa husaidia masikio. Kwa mtoto mwenye kaakaa wazi, hata lililoshonwa vizuri, mara nyingi ndizo zinazosaidia kaakaa fupi kuziba njia ya pua anapoongea. Zikiondolewa zote, sauti inaweza kuhamia puani na isirudi. Anayependekeza upasuaji huo ajue historia ya kaakaa, hata kama kovu halionekani kirahisi, na aongee na daktari aliyelishona. Pale zinapomzibia pumzi usingizini, kuna namna ya kutoa sehemu tu.

19. Maneno yake hayaeleweki. Ni sikio au ni kaakaa?

Inaweza kuwa vyote. Sauti inayotokea puani na hewa inayovuja kwenye p, b, t na k huelekeza kwenye kaakaa. Maneno machache kuliko umri na kuruka silabi huelekeza kwenye usikivu. Pima sikio kwanza, kwa sababu mazoezi ya usemi kwa mtoto asiyesikia yanachosha wote wawili. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, hivyo ukipata nafasi usiikose.

20. Mwalimu nimwambie nini?

Akae mbele, mbali na feni na dirisha la barabarani, sikio lililo bora likimwelekea mwalimu. Mwalimu amtazame anapotoa maelekezo, asiongee huku akiandika ubaoni. Wiki za mafua aongezewe uvumilivu. Mengi ya haya hayahitaji barua ya daktari, ongea naye ana kwa ana siku ya kwanza ya muhula.

21. Daktari anasema kidevu chake ni kidogo na kimerudi nyuma. Inabadilisha kitu?

Inaweza. Mpasuko ukiambatana na kidevu kidogo, masikio yenye umbo tofauti, kasoro ya moyo au uoni hafifu wa mbali, huenda ni sehemu ya hali pana zaidi. Baadhi ya hali hizo huathiri pia sikio la ndani, na upungufu huo gromiti haiugusi. Huyu anahitaji kipimo cha kupitia mfupa (swali la 9) mapema, pamoja na macho na moyo kuangaliwa.

22. Alishonwa zamani, sasa ana miaka 14. Sikio moja linatoa uchafu kidogo wenye harufu mbaya, haumwi.

Usilichukulie kama usaha wa kawaida. Ngoma inayovutwa ndani kwa miaka mingi inaweza kutengeneza mfuko unaokusanya ngozi iliyokufa. Uvimbe huo huitwa kolestiatoma. Si saratani, lakini hula mifupa midogo ya usikivu na unaweza kufikia neva ya uso au ubongo. Waliozaliwa na kaakaa wazi wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na matone hayauondoi. Hupigwa picha ya CT, kisha hutolewa kwa upasuaji, na kwa kuwa hurudi, daktari hulifuatilia sikio hilo kwa miaka kadhaa. Mpeleke kliniki ya masikio mwezi huu, na waangalie pia sikio la pili ambalo hajalilalamikia.